Mzee wa Ukutani Kwetu

Sidi mwanangu,

Utakapoifungua barua hii nitakuwa nimekwisha kushuka Kikambala, nawe umebaki ndani ya basi unaelekea Mombasa kwa mjomba wako, na jioni gari moshi la Nairobi. Najua utakuwa umenuna. Nilikuahidi kukusindikiza mpaka stesheni, nikuone umeketi dirishani, nikupungie mkono kama wazazi wengine. Badala yake nimekutia bahasha mkononi njiani nikashuka bila maelezo. Maelezo ndiyo haya. Ni marefu, na mengine utatamani usingeyajua, lakini nakuomba usiikunje barua kabla hujafika mwisho.

Naiandika leo, siku moja kabla ya safari, jua bado lipo, kwenye meza ya kulia. Wewe uko chumba cha pili na mama yako, nawasikia mkibishana juu ya blanketi. Nguo, chakula, marafiki wa kuchagua na wa kuepuka, mama yako amekwambia wiki nzima na bado hajamaliza, kwa hiyo mimi sitayagusa. Hata zile salamu ndefu za mwanzo wa barua nimeziruka. Siwezi kukuuliza hali ilhali nakusikia ukicheka.

Ninalotaka kusema linahusu ile kazi ya darasani. Ilipokuja barua ya chuo ikieleza kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika somo la utangulizi wa uandishi wa habari aje na habari moja iliyochapishwa gazetini, ya kutoka kwao, anayoiona kuwa mfano wa kazi nzuri, na awe tayari kuitetea mbele ya wenzake, wewe hukufikiri hata kidogo. Ulinyanyua macho ukatazama ukutani, kwenye lile gazeti la fremu, ukasema utachukua ya baba. Mama yako akainuka akaenda jikoni. Mimi nikatabasamu kijinga nikaendelea na chai yangu. Wiki tatu zimepita tangu siku hiyo, na kila ukilitaja jambo hilo nimetafuta sababu ya kutoka nje.

Habari hiyo unaijua kwa moyo. Ukurasa wa kwanza, jina langu limechapwa wazi, picha ya mzee aliyevaa koti jeusi lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Umekua chini ya kioo kile. Ulipokuwa darasa la pili ulikuwa kila asubuhi ukitoka kwenda shule unamwamkia, "Shikamoo babu," na kama kuna mgeni unamwamkia kwa sauti zaidi ili tucheke. Nilicheka. Wakati huo yule mzee alikuwa chini ya udongo, na aliyemtia huko, kwa sehemu yake, ni mimi. Nimelisema. Sasa nikusimulie lilivyokuwa.

Mimi sikusomea kazi hii, wewe wajua. Nilikuja Malindi kutoka bara nikiwa kijana, karani wa kiwanda cha pamba, nikaoa kwa kina mama yako upande wa Ganze, nikawa mzee wa kanisa kabla nywele hazijaanza kubadilika. Habari nilizituma kwa kupenda jina langu lichapwe. Nakwambia hivyo hivyo, bila kuipamba. Unakwenda posta, unaandikisha simu ya Nairobi, unakaa kwenye benchi mpaka opareta akuite, kisha unaingia kwenye kibanda na dakika zako tatu, unamsomea karani wa gazeti neno kwa neno. Dakika zikiisha sauti inakatika, hata kama maiti hujamaliza kuwataja.

Ile hadithi ya marehemu wa Mariakani unaipenda, nami nimewachekesha nayo wageni wengi. Lori lilipinduka Mariakani, utingo mmoja akanipa majina ya waliokufa, nikayatuma bila kwenda kuona. Siku mbili baadaye mmoja wa marehemu akapiga hodi hapa nyumbani, amevaa tai, amejaa vumbi la safari, akaomba kwanza maji ya kunywa na ndipo akauliza ni nani aliyemzika. Hapo wageni huangua kicheko. Sikuwahi kuimalizia. Yule bwana alikuwa na ndugu wakili. Wakili alipiga simu moja Nairobi, na kesho yake gazeti likatoa masahihisho ya mistari mitatu. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba gazeti likitaka kurudi nyuma linaweza kurudi. Lishike hilo, maana tutalihitaji.

Mwaka uliofuata, miaka ya themanini ndiyo kwanza inaanza, siku moja ya Jumatatu wakati wa kiangazi, binamu ya mama yako alinipitia kiwandani na habari kwamba katika kijiji kimoja nje ya Vitengeni watoto watatu wa baba mmoja wamekufa ndani ya mwezi mmoja, na kwamba baba yao amemtaja ami yake, Mzee Kalume, kuwa ndiye aliyewaroga. Niliomba ruhusa kwa uongo wa tumbo, nikapanda lori.

Zahanati ya Vitengeni iko kando ya njia. Nilipita mbele yake kwenda, nikapita mbele yake kurudi. Muuguzi alikuwa amekaa barazani, hata tulisalimiana kwa mkono. Sikumwuliza watoto wa huko wanakufa kwa nini. Nilikuja kumwuliza miezi mingi baadaye, wakati jibu halina kazi tena, naye akaniambia ilikuwa surua, na kwamba wengine wanne walikufa vijiji vya jirani mwezi huo huo. Alishangaa kwamba sikujua. Alidhani ndiyo habari niliyokuwa nimeifuata.

Baba wa watoto nilimkuta tayari ana maneno. Aliongea sana, akalia, nami nikaandika kila kitu. Simlaumu hata leo. Mtu aliyezika watatu atatafuta wa kumshika shati. Kisha nikaenda kwa Mzee Kalume, nikamkuta anachonga mpini wa jembe. Sikuona hasira wala woga. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaniuliza habari za wakwe zangu kwa majina. Nilipomweleza kilichonileta aliliweka panga chini, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Mwanangu, neno hili limekwisha fika kwa wazee. Alhamisi nakula kiraho. Wewe ngoja Alhamisi, uje uone kwa macho yako, kisha uandike utakachokiona."

Kiraho unakijua kwa upande wa mama yako, lakini nakieleza kwa sababu huko uendako utaulizwa. Ni kiapo cha shoka la moto. Shoka linawekwa kwenye makaa mpaka liwe jekundu, mwenye kukiendesha kiapo analipitisha juu ya kiganja cha anayetuhumiwa, mbele ya jamaa wa pande zote mbili, na asiyekuwa na hatia kiganja chake hakitoki malengelenge. Kikishaliwa, neno limekwisha. Anayelirudia baada ya hapo ndiye mwenye kosa, na anatozwa kwa kulirudia. Hivyo ndivyo watu wa kule walivyoishi pamoja baada ya kutuhumiana, kwa kuwa na siku ambayo neno linakufa.

Nilimwomba picha. Akasema ningoje kidogo, akaingia ndani, akatoka na lile koti jeusi, joto lote lile la mchana, akalifunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Kwake yeye mtu anayepigwa picha ni mtu anayeheshimiwa. Alisimama wima akaniangalia kwenye kamera bila kupepesa. Baadaye akaniuliza kama ataipata moja, maana hakuwahi kupigwa picha maishani isipokuwa ile ya kipande cha kitambulisho. Nikamwambia ataipata. Filamu niliitia kwenye basi la jioni hiyo hiyo, iende Nairobi.

Nyumbani nilimsimulia mama yako, naye akasema lile lile alilosema mzee, ningoje Alhamisi. Nilimkemea. Nilimwambia kwamba mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kuonekana nimesimama kwenye moto wa wapagani nikisubiri shoka liniambie ukweli. Nilimwambia pia kwamba kuna mwandishi wa Mombasa amenusa habari hii na atanitangulia. Hilo la pili lilikuwa uongo. Nilikuwa nimeshaiona habari yangu ukurasa wa kwanza na sikuweza kuvumilia siku mbili. Watu wawili waliniomba kitu kimoja, na walichoomba ni siku mbili tu.

Jumanne nikaingia kwenye kibanda cha posta nikaisoma. Niliandika "anashukiwa", niliandika "inadaiwa", na kwa miaka nimejificha nyuma ya maneno hayo mawili. Kile kichwa cha herufi kubwa, MCHAWI WA WATOTO WATATU, hakikutoka kwangu, walikibandika Nairobi. Lakini kilipofika sikukikasirikia. Nilinunua nakala sita.

Gazeti lilichapwa Alhamisi. Siku hiyo hiyo, Vitengeni, shoka lilipitishwa juu ya viganja vya Mzee Kalume na hakikutoka kitu. Watu waliona. Baba wa watoto aliona, akampa ami yake mkono mbele ya wazee, wakala pamoja. Neno likawa limekufa. Lakini Malindi gazeti hufika adhuhuri kwa basi, na kule ndani halifiki mpaka kesho yake, lipande lori pamoja na sukari na mafuta ya taa. Kwa hiyo kiraho kilikuwa Alhamisi na gazeti langu likafika Ijumaa.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika, na ni jambo ambalo Nairobi hakuna aliyelielewa nilipojaribu kulieleza. Mwenye duka la Vitengeni aliwasomea watu kwa sauti kama afanyavyo siku zote, kisha akalibandika karibu na mizani. Watu wale hawakujua kwamba habari yangu niliisoma kwenye simu Jumanne. Wangejuaje? Kwao kilichofika jana ni cha jana na kilichofika leo ni cha leo. Tena kwao gazeti ni sauti ya serikali, kwa sababu ni karatasi, lina picha, limetoka Nairobi, na limejaa viongozi. Waliona kwamba kiraho kimemtoa mzee, na siku ya pili serikali imejibu kwamba la, ni mchawi. Baba wa watoto alisikika akisema pale dukani, "Serikali imekisikia kiraho, imekikataa." Mkono aliompa ami yake akawa ameurudisha.

Siku ya tano akaja mwanamke hapa nyumbani, binti wa Mzee Kalume, jina lake Kache. Wewe ulikuwa shule. Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka na mama yako, na hakuinua sauti hata mara moja.

"Baba Sidi, sikuja kugombana nawe," akaniambia. "Mikono ya baba haikuungua. Nataka uandike hivyo tu, watu wa dukani wasomewe."

Nilichukua penseli nikaandika mbele yake. Mistari miwili. Nikaenda posta, nikaandikisha simu, nikaomba kuzungumza na mhariri mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa haki yake. Kisha akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Bwana, mzee asiyekuwa mchawi yuko kila kijiji. Hiyo si habari." Nikamkumbusha masahihisho ya Mariakani. Akaniuliza huyu naye ana wakili? Kabla sijajibu dakika zikaisha. Sikuandikisha simu nyingine.

Nilirudi nyumbani na ile karatasi mfukoni. Seremala alikuwa ameleta fremu siku hiyo hiyo. Nilifungua nyuma yake, nikaiweka karatasi ya penseli kati ya gazeti na ubao, nikaifunga, nikaigongomea ukutani. Sikuwa na moyo wa kuichana wala wa kuitazama.

Sidi, nimekuwa nikimlaumu mhariri yule kwa miaka, kimoyomoyo, kama mtu anavyoshika kamba ili asianguke. Lakini mhariri sikumhitaji. Ningepanda lori lile lile nikaenda kwenye duka lile lile. Ningesimama pale kwenye mizani nikawaambia kwamba niliyeandika ni mimi, mtu wa Malindi, mkwe wenu, kwamba niliandika Jumanne kabla ya kiapo na serikali haikusema neno lolote. Ningelibandua gazeti kwa mkono wangu. Wangenizomea kidogo na wangenielewa, maana ni watu wa akili. Sikwenda. Niliona aibu kusema mbele ya watu wasiojua kusoma kwamba niliyeandika nilikuwa na haraka. Aibu hiyo ndogo ndiyo iliyomuua, nami ndiye niliyeitunza.

Wiki mbili baada ya Kache kuja, walimvizia Mzee Kalume asubuhi akienda shambani. Walimkata kwa mapanga. Alikutwa ameinua viganja mbele ya uso, vyote viwili vimekatwa. Waliofanya hawakupatikana. Polisi walipouliza, kila mtu alikuwa safarini.

Usidhani basi nilikoma hapo. Nairobi walipiga simu kiwandani, wakasema mimi ndiye niliyemtaja wa kwanza kwa hiyo niwaletee mwisho wake. Nami nikawaletea. Nilituma habari ya kifo chake, ikatoka ukurasa wa ndani, na katika habari hiyo ya pili sikuandika kwamba alikula kiraho akatoka safi. Safari hii hakuna aliyenizuia na dakika zilitosha. Lakini ningeandika hivyo, mtu angeuliza kwa nini sikuyasema mapema. Kwa hiyo nilimzika tena, mara hii kwa makusudi. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Mama yako alikwenda matangani. Mimi nilisema nina kazi. Aliporudi baada ya siku tatu alivua viatu mlangoni akaniambia, "Wamemzika na lile koti." Akapita ndani. Baada ya hapo hakulitaja jambo hilo, isipokuwa siku moja nilimkuta amepanda kwenye kiti anataka kuitungua fremu. Nikamwambia aiache, mtoto ataulizia. Nilikutanguliza wewe, mtoto mdogo, nikajificha nyuma yako. Kweli yake ni kwamba kuitungua kungekuwa kukiri, na fremu ikikaa ningeendelea kuwa mtu aliyewahi kutoka ukurasa wa kwanza. Mwaka uliofuata niliacha kutuma habari. Nilikwambia ni macho. Macho yangu ni mazima.

Mwaka juzi nilikutana na Kache kwenye feri ya Kilifi. Abiria tumeshuka basi kama ilivyo desturi, tumesimama kwenye feri tukingoja kuvuka, nikasikia mtu ananiita Baba Sidi. Amezeeka kabla ya wakati. Aliniambia kwamba baada ya msiba hawakuweza kukaa kule, ndugu zake wametawanyika, na yeye anafua mashuka katika hoteli moja hapo Kikambala. Alikuulizia wewe, kama u mzima, kama unasoma. Nikamjibu kwa fahari kwamba unasoma sana. Kisha akasema, kwa adabu ile ile ya kwenye mkeka, "Ile picha uliyompiga baba, unayo? Sisi hatuna hata moja."

Nikamwambia sina. Ninayo, Sidi. Ninayo picha yenyewe, si ya gazeti, waliyonirudishia pamoja na filamu. Iko kwenye droo ya meza hii ninayoandikia, na imekuwa humo miaka yote. Nilimwahidi mzee nikamnyima, binti yake akaniomba nikamnyima. Feri ikafika ng'ambo, akaniaga vizuri, akanitakia safari njema.

Sasa turudi kwenye darasa lako. Nimeyasoma yale makaratasi ya somo uliyotumiwa, nawe ulidhani nayapitisha macho tu. Yanasema kwamba habari sharti ijibu ni nani, ni nini, ni lini, ni wapi na ni kwa nini. Nimeipima habari yangu. Inajibu yote matano, tena katika sentensi mbili za kwanza. Ina picha nzuri. Ina maneno ya upande huu na ya upande ule, maana mzee nilimnukuu akisema hana hatia. Mwalimu wako ataisifu. Hicho ndicho ninachokiogopa. Kama ungeaibika nayo ningenyamaza, ungejifunza na yangekwisha. Lakini utafaulu nayo. Utashuka kutoka mbele ya darasa umepigiwa makofi kwa kumtetea mtu aliyemuua babu uliyekuwa ukimwamkia, na utaianza kazi yako yote kutoka hapo.

Sikwambii uache somo hili. Mjomba wako atakwambia kwamba ualimu ni salama zaidi, na huenda ni kweli. Mimi sina haki ya kukuchagulia. Naogopa tu, na sioni aibu kukwambia, kwamba baada ya barua hii hutaniita baba kwa sauti ile ninayoisikia sasa kutoka chumba cha pili. Nimeipima hofu hiyo na ile nyingine, nikaona afadhali hii.

Leo mchana ulipokwenda kuwaaga wenzako niliitungua fremu. Ukutani pamebaki alama, chokaa ya pale ni nyeupe kuliko pengine pote. Mama yako alipita, akaiona, akasimama kidogo. Kisha alirudi na kitambaa akafuta vumbi kwenye msumari, akaenda zake. Wewe ulipoingia uliuliza iko wapi, nikakujibu nimekufungia kwa ajili ya safari. Ni kweli. Gazeti nimelitoa kwenye fremu, limo ndani ya bahasha hii, na nyuma yake imo karatasi ya penseli. Imefifia lakini inasomeka.

Picha yenyewe ninayo mimi, mfukoni, nimeifunga kwa kitambaa safi. Basi likiondoka nitauliza njia ya kwenda hotelini, kwa mlango wa wafanyakazi, nimtafute Kache kwenye mashuka yake. Nitampa. Nitamwambia nilimdanganya kwenye feri, na nitamwambia pia kwamba habari ya pili niliiandika mimi, maana nadhani hajui. Sijui atasema nini. Anaweza kunifukuza. Anaweza, na hili ndilo linalonitisha zaidi, kunikaribisha kiti. Baada ya hapo, akikubali, nitakwenda naye Vitengeni, kwenye duka lile. Mwenye duka bado yuko hai.

Wewe, siku yako ikifika ya kusimama mbele ya darasa, wakikuomba habari ya kwenu, anza na ile ya penseli. Isome yote, ni mistari miwili: Mzee Kalume wa Vitengeni alikula kiapo cha shoka la moto siku ya Alhamisi, mbele ya wazee na jamaa zake. Mikono yake haikuungua. Kisha ndipo uwasomee yangu, uwaambie ipi ilichapwa.

Ni mimi baba yako, niliyeombwa kungoja siku mbili.